Mtazame ulimi, si vidole

"Daktari, mtoto kabadilika rangi, baridi imemwingia. Tumfukize kwanza?"

Juma hili nimeulizwa tena, mbele ya kichanga anayehema mara 80 kwa dakika.

Viganja na nyayo kuwa na rangi ya bluu siku ya kwanza mara nyingi ni kawaida. Mfungue mdomo. Ulimi na fizi zikiwa nyekundu na anahema kawaida, mweke kifuani kwa mama, mfunike, basi. Ulimi ukiwa wa zambarau, damu haina oksijeni ya kutosha. Baridi ya masika Kilombero haibadilishi rangi ya ulimi.

Wengine husema ni dege. Basi linawashwa jiko, mlango unafungwa, kinafukizwa kinyesi cha tembo. Moshi huo una kaboni monoksaidi, inayokalia damu mahali pa oksijeni na kung'ang'ania. Baya zaidi, kipima oksijeni hakizitofautishi gesi hizo mbili: mtoto aliyejaa moshi anaweza kuonyesha namba nzuri huku anazimika. Nikikuuliza kama mmemfukiza, niambie ukweli. Sitafuti wa kumgombeza, nataka kujua kama niiamini ile namba.

Chanzo kimoja cha ulimi wa zambarau ni hiki: mtoto akiwa tumboni kwa mama, mishipa ya mapafu yake hubana, na akianza kupumua inapaswa kulegea. Kwa aliyezaliwa amechoka, aliyevuta kinyesi chake mapafuni au mwenye maambukizi, inaweza kugoma. Shinikizo mapafuni linapanda, na damu isiyo na oksijeni ya kutosha inapita njia ya mkato kuelekea miguuni. Ndiyo maana tunafunga kile kitepe cha kipima oksijeni chenye taa nyekundu mkono wa kulia, kisha mguuni. Mkono 94, mguu 83: hapo sisubiri. Namba zikilingana bado si salama, maana ndani ya moyo kuna njia nyingine ya mkato. Eksirei nayo inaweza kutoka safi. Jibu la uhakika ni ultrasaundi ya moyo, inayotuonyesha pia kama moyo wenyewe umeumbika vibaya.

Tiba: oksijeni, joto, antibiotiki tukishuku maambukizi, mashine ya kusaidia kupumua, sildenafili ilipo na kwa kipimo cha daktari, rufaa Muhimbili au Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete.

Mlio ng'ambo ya mto Kilombero, daraja lipo, hamsubiri tena kivuko. Mlio madunguni mashambani, pandeni pikipiki, mtoto ngozi kwa ngozi kifuani kwa mama, kichwa kimefunikwa, pua wazi, hadi kituo cha karibu chenye oksijeni. Hata saa nane za usiku.