Ujira wa Muosha Vioo Usingoje Malipo ya Mteja

Majumba na afisi nyingi za mji wetu wa Mombasa zimeelekeana na bahari, na upepo wa Kusi haupiti bila kuacha chumvi yake juu ya vioo. Kwa hiyo kazi ya kuosha madirisha haikosi wateja, na jamaa kadhaa, wakiwamo akina mama, wameifanya kuwa chumo la halali. Sisi nasi tulianza na ngazi moja, ndoo mbili na vijana wawili wa mtaani.

Kosa letu la kwanza halikuwa katika kuosha, bali katika kulipa. Mteja mmoja mwenye jengo kubwa alituchelewesha wiki sita, nasi tukawaambia vijana wasubiri kama tunavyosubiri sisi. Tuliona tumesema haki, mpaka mama wa mmoja wao alipobisha hodi. Alitusabahi kwa adabu, kisha akauliza: "Wanangu, aliyemwajiri kijana wangu ni huyo mteja, au ni nyinyi?"

Hatukuwa na jawabu. Mtume wetu (s.a.w.) ametuusia tumlipe mfanyakazi kabla jasho lake halijakauka, na wasia huo haukumtaja mteja. Jioni ile tulikopa katika chama cha akina mama, tukawalipa.

Tangu hapo, kwa jengo kubwa hatuanzi kazi kabla ya kupokea nusu ya malipo, na tunaweka akiba ya ujira wa wiki mbili isiyoguswa kwa matumizi ya nyumbani. Tuliacha pia kulipa kwa hesabu ya vioo, kwani anayelipwa hivyo hukimbilia kioo kinachofuata, akaacha pembe chafu na kupanda ngazi kwa pupa. Sasa tunalipa kwa siku.

Ujira hutajwa kabla ya kazi. Katika kisa cha Nabii Musa (a.s.), ni binti aliyemshauri babake amwajiri kwa nguvu na uaminifu wake, na mzee yule alitaja muda na masharti mapema, akaahidi kutomtaabisha.

Sheria ya nchi nayo isidharauliwe. Kwa Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa siku zinazotimia mwezi mmoja hahesabiwi tena kuwa kibarua wa kutwa. Mwajiriwa ana haki ya siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, na likizo ya siku zisizopungua 21 za kazi kila mwaka. Tena mwajiri hulazimika kuwakatia wafanyakazi bima ya majeraha ya kazini, jambo zito kwa anayewapandisha watu ngazini.

Mwenyezi Mungu atujaalie chumo lenye baraka, na atuepushe kulala na deni la jasho la mtu. Amin.