Salsa kwa Anayeanza: Miguu Yako Inaijua Tayari

Vijana wa hapa Kigwena wametuuliza sisi walimu wa kujitolea: hiyo salsa wanayoiona kwenye simu si dansi ya Wazungu? Na mama mmoja ameuliza jambo zito zaidi: je, ni adabu binti yake kushikwa mkono na kijana asiye ndugu? Yote mawili tutayajibu.

Salsa si ya Wazungu. Watu waliochukuliwa utumwani kutoka Kongo na Afrika Magharibi walifika Kuba na midundo yao. Huko ikachanganyika na gita za Wahispania, ukatoka muziki unaoitwa son. Kuanzia miaka ya 1930 santuri za son zilifika Leopoldville, yaani Kinshasa ya leo, na wanamuziki wa kule wakasikia kitu cha kwao kimerudi. Ndipo rumba yetu ikakua. Mwaka 1953 Joseph Kabasele akaanzisha bendi ya African Jazz. Son hiyo hiyo ilikwenda New York na wahamiaji wa Kuba na Puerto Rico, na huko ikaja kuitwa salsa. Basi rumba na salsa wamenyonya ziwa moja. Septemba 1974 Celia Cruz na Fania All Stars walikuja Kinshasa, wakapiga katika tamasha moja na Franco na Tabu Ley. Wazee wetu wa Uvira na Fizi waulizeni, watawaimbia!

Sasa tuanze. Tafuta mahali pakavu na tambarare chini ya michikichi, ondoa mawe. Malapa yavue, maana yanateleza na kukukwaza. Usianze na mwenzi. Simama peke yako, magoti yalegee kidogo, uhesabu kwa sauti: moja, mbili, tatu, kimya, tano, sita, saba, kimya.

Kwenye moja, mguu wa kushoto unakwenda mbele. Mbili, wa kulia unakanyaga palepale ulipo. Tatu, wa kushoto unarudi. Nne hukanyagi kitu. Tano, wa kulia unakwenda nyuma. Sita, wa kushoto unakanyaga palepale. Saba, wa kulia unarudi. Nane, kimya tena. Hatua ziwe fupi, kama mtu anayetembea ndani ya mtumbwi. Anayeanza hupenda kupiga hatua kubwa, halafu muziki unamwacha.

Hizo kimya mbili ndizo salsa yenyewe. Ukizijaza kwa kukanyaga, utakuwa unapiga gwaride tu. Watoto wanaweza kusaidia: mmoja achukue bidoni tupu apige mara tatu, halafu mara mbili, bila kukimbia. Mdundo huo utausikia pia katika rumba nyingi za zamani. Kama hamna nyimbo za salsa, wekeni rumba ya polepole, ila msingoje sebene, hiyo itawakimbiza.

Miguu ikishazoea, ndipo mwenzi. Anayefuata anaanza kinyume: kwenye moja mguu wake wa kulia unakwenda nyuma, ndiyo maana hamkanyagani. Shikaneni mikono miwili tu mbele, kiasi kwamba mtoto anaweza kupita katikati. Anayeongoza asivute, mkono useme taratibu.

Na hapo tunamjibu mama yetu. Salsa inaweza kuchezwa hivyo hivyo, kwa mikono tu, mchana, wazazi wakiangalia. Tena si lazima mwenzi awe kijana wa nje. Kaka na dada, baba na binti, bibi na mjukuu, wote wanaweza. Lakini sheria moja hatutaiachia: anayesema hapana haulizwi sababu, na hachekwi. Wapo kati yetu ambao kushikwa ghafla kunawarudisha mahali pabaya. Hao wakitaka kucheza peke yao, au kupiga bidoni tu, wamo kwenye dansi sawa na wengine.

Wenye msiba nyumbani tunawaheshimu, muziki tutaupunguza. Mwenye magoti mabovu acheze akiwa ameketi, visigino vinatosha kuhesabu. Wiki ya kwanza jifunzeni hatua hizo tu, dakika kumi jioni baada ya kuchota maji. Kuzunguka tutaandika mwezi ujao.