Je, Wajua? Mwaka wa Jane Goodall unaoihusu Kagera ni 1994

Wengi humkumbuka Jane Goodall, aliyefariki Oktoba 1, 2025 akiwa na miaka 91, kama binti Mwingereza aliyeingia Gombe, Kigoma, Julai 1960, kisha akamwona sokwe akivua mchwa kwa kijiti. Kwa wilaya za Karagwe na Kyerwa mkoani Kagera, mwaka wenye uzito zaidi ni 1994. Vilima vilivyoizunguka Gombe vilikuwa vimebaki vipara, ndipo taasisi yake ikaanzisha mradi wa TACARE vijijini: vitalu vya miche, kilimo, maji, afya na mikopo midogo kwa wanawake.

Yuko atakayesema mambo ya sokwe hayazihusu hifadhi za Ibanda-Kyerwa na Rumanyika-Karagwe, zilizopandishwa hadhi kuwa hifadhi za taifa mwaka 2019, tena fedha za wafadhili hazidumu. Hoja hiyo ya pili ni nzito. Fedha huisha kweli. Lakini kuhusu ile ya kwanza, Gombe ilikuwa hifadhi ya taifa tangu 1968, na bado misitu ya jirani ilifyekwa. Miti ilianza kurudi pale vijiji vyenyewe vilipotenga misitu yao katika mipango ya matumizi ya ardhi, jambo ambalo vijiji vya ukingoni mwa Mto Kagera navyo vinaliweza.