WATU WA SICHUAN NA MTO WAO

Katika nchi ya Uchina, upande wa kusini-magharibi, liko jimbo liitwalo Sichuan. Zamani sehemu hiyo iliitwa Shu, na wenyeji wake walikuwa mafundi hodari wa kusubu shaba nyeusi. Mwaka 1986, mahali paitwapo Sanxingdui, yalifukuliwa mashimo mawili yenye vinyago vyao vya macho yaliyotokeza, vilivyozikwa miaka kama 3,000 iliyopita. Lakini iko kazi nyingine ya kale ambayo haikuzikwa, nayo huwalisha watu hata leo.

Mto Min hushuka kwa nguvu kutoka milimani na kuingia katika uwanda wa Chengdu. Hapo kale maji yake yaliweza kugharikisha mashamba wakati wa mvua, na kuyaacha makavu wakati wa kiangazi. Yapata mwaka 256 kabla ya kuzaliwa Kristo, liwali mmoja wa dola ya Qin, jina lake Li Bing, alianza kuutengeneza mto huo mahali paitwapo Dujiangyan.

Hakuuziba mto. Alijenga tuta katikati ya maji, lenye ncha kama mdomo wa samaki, likaugawanya mara mbili: mkono mmoja upeleke maji mashambani, na wa pili uchukue mafuriko. Tuta hilo lilijengwa kwa vikapu virefu vya mianzi vilivyojazwa mawe. Tena ilipasa kuukata mlima ili mfereji upite, na baruti haikuwako bado. Basi watu waliwasha moto juu ya mwamba, na ulipopata moto sana wakaumwagia maji baridi, ukapasuka.

Lakini kujenga ni jambo moja, na kutunza ni jambo jingine. Kila mwaka mto huleta mchanga na kokoto, na mfereji usiposafishwa huziba. Kwa hiyo ikawa desturi kwamba wakati wa baridi, maji yakipungua, mkono mmoja ulizibwa kwa magogo yaliyofungwa matatu matatu, nao watu walishuka kuchimba. Wazee waliweka kanuni mbili: mfereji uchimbwe chini sana, na ukingo wa kupunguzia maji usiinuliwe. Mvivu wa kuchimba angetaka kuinua ukingo. Lakini hapo mchanga haupati njia ya kutoka, na mafuriko yakija huwaangukia wote.

Mwanzoni mwa Aprili, siku za Qingming, kamba za magogo hukatwa na maji hufunguliwa kwa shangwe, naye Li Bing hukumbukwa. Siku hizi malango ya chuma ndiyo yafanyayo kazi, lakini sherehe ingali ikifanywa. Mwaka 1974 sanamu yake ya mawe, iliyochongwa mwaka 168 baada ya Kristo, iliokotwa mtoni humo.

Tarehe 12 Mei, 2008, tetemeko kubwa la nchi liliharibu vibaya hekalu lililo kando ya mto. Tuta lilipata nyufa, lakini maji hayakuacha kwenda mashambani, ambayo leo ni zaidi ya eka milioni moja na nusu.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Watu wa Sichuan wameziba ufa wao kizazi baada ya kizazi, kwa zaidi ya miaka 2,200.