Uvira: Seva ya bei ya chini inaweza kuwa ndiyo ghali

Mwenye boti wa Kalundu anayepeleka abiria na mizigo mpaka Baraka hachagui mota kwa nguvu zake tu. Anauliza kwanza itakunywa petroli kiasi gani kwa safari moja. Hesabu kama hiyo mara nyingi inasahauliwa pale hospitali, shule au chama cha akiba kinapotaka kununua seva, yaani kompyuta inayotunza faili za ofisi nzima na kuwahudumia wote kwa wakati mmoja.

Jambo hili si la mafundi peke yao. Daftari za wagonjwa zikishahamia kwenye kompyuta, halafu seva ikazimika saa nne usiku, muuguzi wa zamu hawezi tena kuona mgonjwa alipewa dawa gani mchana. Na kuzimika si ajabu. Umeme wa SNEL unaofika Uvira unatoka kwenye mabwawa ya mto Ruzizi: Ruzizi ya kwanza, ya mwishoni mwa miaka ya 1950, yenye megawati karibu 30, na Ruzizi ya pili ya mwaka 1989, yenye megawati karibu 44, ambayo Congo inagawana na Rwanda na Burundi. Ni umeme kidogo kwa watu wengi. Ndiyo maana wengi wanategemea paneli za jua na betri, au grupu siku ambazo mafuta yapo.

Kinachoamua seva itakula umeme kiasi gani, kwa sehemu kubwa, ni prosesa. Hiyo ndiyo inayofanya hesabu zote ndani ya mashine. Prosesa ina viini, na kila kiini ni kama mfanyakazi mmoja. Wauzaji wanapenda kutaja idadi ya viini kwa sababu ni namba rahisi kueleweka.

Tuchukue mashine ambayo mnunuzi wa Uvira anaweza kuletewa kama mali ya mtumba: seva yenye prosesa mbili za Intel Xeon E5-2680 v4. Kila moja ina viini 14, kwa hiyo jumla ni 28. Prosesa hiyo ilitoka mwaka 2016 kwa bei ya dola zaidi ya 1,700. Leo ile iliyotumika inauzwa kwa sehemu ndogo sana ya bei hiyo. Kwa macho ni bahati. Lakini kila moja imepangiwa wati 120 ikifanya kazi kwa nguvu, na seva nzima ya aina hiyo inaweza kula wati 100 hivi hata kama hakuna anayeitumia.

Wati 100 kwa saa 24 ni watisaa 2,400 kwa siku. Betri ya maji ya volti 12 na ampea 200 ina watisaa 2,400 kwenye karatasi, lakini ukitaka iishi miaka, usiitumie kupita nusu. Maana yake seva hiyo, kwa saa 12 za usiku tu, inamaliza betri nzima kubwa, bila taa, bila friji ya chanjo. Mchana inahitaji paneli za wati 600 hivi kwa ajili yake peke yake, ukihesabu saa nne za jua kali, na hapo hatujatoa umeme unaopotea kwenye inveta. Mawingu ya masika yakikaa siku tatu, hesabu yote inaharibika.

Upande wa pili kuna kompyuta ndogo zenye prosesa ya Intel N100, iliyotoka mwaka 2023. Ina viini vinne tu na imepangiwa wati 6. Kompyuta nzima inaweza kukaa kwenye wati 10 hivi ikiwa na kazi nyepesi, yaani watisaa 240 kwa siku, sehemu moja ya kumi ya ile ya kwanza. Jambo ambalo wengi hawalitegemei ni hili: katika kazi ya kiini kimoja, N100 haiachwi mbali na ile Xeon ya 2016. Wafanyakazi kumi wanaofungua faili za wagonjwa kwa zamu hawawezi kuvipa kazi viini 28. Vingi vinakaa bure, na mashine inaendelea kula.

Hata hivyo N100 ina upungufu wa kweli. Intel inaipangia kumbukumbu ya gigabaiti 16 tu, na haina ile kumbukumbu inayojisahihisha makosa. Kwa maktaba ya shule hilo si tatizo. Kwa hesabu za fedha za watu, au kwa dawa, ni vizuri kutumia zaidi kidogo. Hapo ndipo prosesa kama AMD EPYC 4244P inapopata maana: viini sita, wati 65, ilitangazwa mwezi wa tano mwaka 2024 kwa dola 229, na inakubali kumbukumbu inayojisahihisha. Kiini chake kimoja kinafanya karibu mara mbili ya kazi ya kiini cha ile Xeon. Kwa hospitali ya kadiri, hii ndiyo yenye faida zaidi, mradi betri zinatosha.

Zile kubwa kabisa zinapambana mbali na hapa. Oktoba 2024 AMD ilitoa EPYC 9965 yenye viini 192 kwa dola 14,813. Intel ilikuwa na Xeon 6980P, viini 128, ambayo ilianza kwa dola 17,800 kisha ikashushwa hadi 12,460 mwanzoni mwa 2025. Ukigawanya, AMD inatoka dola 77 kwa kiini na Intel 97, ingawa viini vyao havifanani. Zote mbili zimepangiwa wati 500. Mtafiti wa ziwa anayehitaji nguvu ya namna hiyo kwa siku mbili ni heri akodi kwa saa, kwa mfano kwenye vituo vya Amazon vilivyofunguliwa Cape Town mwaka 2020. Kukodi kila siku kwa kazi ya ofisi ni jambo jingine: intaneti ikikatika, faili zote zinakatika nayo. Kilicho bora kupeleka huko ni kopi ya usiku.

Kuna gharama nyingine isiyoonekana dukani. Atakayetumia Windows Server analipia leseni kwa viini, na kiwango cha chini ni viini 16 hata kama mashine ina vinne. Ile ya viini 28 inalipiwa vyote 28. Linux haidai kitu, lakini inahitaji fundi anayeijua aliye karibu, si yule wa Kampala anayepigiwa simu.

Na mahali pa kuiweka. Aprili 2020 mto Mulongwe ulipofurika, maji yaliingia ndani ya nyumba nyingi za mji. Seva ikae juu ya meza imara au kwenye ukuta, mbali na vumbi, feni zisafishwe kila mwezi. Kabla ya kulipa, mnunuzi aombe mashine iwashwe na kipima wati, iachwe saa nzima bila kazi, kisha ipewe kazi, na namba zote mbili ziandikwe kwenye fakitire.