CHAPA, USANIFU NA ISTILAHI: MANENO YALIYO KATI YA MTU NA CHOMBO

Utangulizi

Jembe halisemi. Mkulima anapolinunua hulitazama, hulipima kwa mkono, na baada ya hapo shughuli hubaki kati yake na ardhi. Lakini zana nyingi tunazotumia leo zina tabia nyingine: humwuliza mtumiaji swali, hungoja jibu lake, kisha hutenda kwa kufuata alivyojibu. Simu ya mkononi na mashine ya kutolea fedha benki hufanya kazi kwa mtindo huo. Katika zana za namna hii maneno hayakubandikwa juu ya chombo kama karatasi ya maelezo. Maneno ndiyo mpini wa chombo. Neno likiteleza, mkono nao huteleza.

Kwa sababu hiyo fani mbili zilizokuwa zikidhaniwa kuwa za wafanyabiashara na wahandisi peke yao zimekuwa pia shughuli ya watu wa lugha. Ya kwanza ni ujengaji wa chapa, na ya pili ni usanifu wa mwingiliano. Katika makala hii tunakusudia kueleza maana ya istilahi hizo, kuonyesha kwa mfano wa huduma za fedha za simu jinsi fani hizo zinavyoongoza hisia na matendo ya mtumiaji, na mwisho kutoa shauri juu ya mpaka unaofaa kuwekwa kati ya jina la biashara na istilahi.

Chapa ni nini?

Neno chapa lilitufikia kutoka lugha za Bara Hindi, ambako lina maana ya muhuri au alama inayopigwa juu ya kitu. Kiswahili kimelitumia kwa upana: ng'ombe hupigwa chapa, kitabu hupigwa chapa, na Serikali ina Mpigachapa wake Mkuu. Katika biashara nako jambo hili si geni. Wanunuzi wa kanga wa pwani wamezoea kuona maneno "Mali ya Abdulla" kwenye kanga za Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa. Maneno hayo si ujumbe wa kanga, bali ni ushahidi wa mahali ilikotoka.

Hata hivyo, kuna maneno manne ambayo aghalabu huchanganywa, na yafaa tuyatenge. Jina la biashara ni neno ambalo bidhaa au huduma huitwa. Nembo ni mchoro unaoitambulisha. Alama ya biashara ni jina au nembo iliyosajiliwa na kulindwa na sheria; kwa Tanzania Bara, sheria inayohusika ni Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ya mwaka 1986. Chapa ni pana kuliko yote matatu, kwani ni jumla ya mambo ambayo mtu huyakumbuka na kuyatarajia mara aonapo jina au nembo hiyo.

Tofauti hii si ya vitabuni tu. Mtandao wa simu uliojulikana Tanzania kwa jina la Celtel uliitwa Zain mwaka 2008, kisha Airtel mwaka 2010. Jina na nembo vilibadilishwa, na kila mara ilibidi matarajio ya watu yajengwe upya. Kwa upande mwingine, mwaka 2020 kampuni za Safaricom na Vodacom zilikamilisha ununuzi wa chapa ya M-Pesa kutoka kampuni ya Vodafone ya Uingereza. Hapo twaona kwamba chapa yenyewe ni mali iwezayo kuuzwa, ijapokuwa makao yake ni vichwani mwa watu. Ndiyo maana twapendelea kusema ujengaji wa chapa kuliko uwekaji wa chapa. Nembo huwekwa kwa siku moja. Chapa hujengeka kila bidhaa inapotumiwa, na hubomoka vivyo hivyo.

Usanifu wa mwingiliano

Fani ya pili ilipewa jina na wasanifu Bill Moggridge na Bill Verplank katika miaka ya 1980, wakati kompyuta zilipoanza kuingia mikononi mwa watu wasio wataalamu. Hoja yao ilikuwa kwamba haitoshi kusanifu umbo la chombo. Hapana budi kusanifu pia mazungumzo kati ya chombo na mtu: nini kiulizwe kwanza, nini kionyeshwe baadaye, na mtu akikosea arudi kwa njia gani.

Katika kutafuta istilahi ya Kiswahili, maneno matatu yaweza kupendekezwa. La kwanza ni matumizi, lakini neno hili ni pana mno na lina pia maana ya gharama za nyumbani. La pili ni majibizano, ambalo linachora vizuri sura ya mtu na chombo wakijibizana. Kwa bahati mbaya, msikilizaji atafikiria ugomvi. La tatu ni mwingiliano, nalo limekwisha kuzoewa na wataalamu. Twaona kwamba usanifu wa mwingiliano ndiyo istilahi ifaayo. Neno usanifu lenyewe linasaidia, kwa kuwa msomaji analijua kutoka usanifu wa majengo. Msanifu wa majengo huamua mlango uwe wapi kabla mtu hajaingia. Msanifu wa mwingiliano hufanya kazi iyo hiyo, ila milango yake aghalabu ni maneno.

Mfano wa fedha za simu

Majaribio ya M-Pesa yalifanyika Kenya kuanzia mwaka 2005. Kusudi la awali lilikuwa kuwarahisishia watu kulipa mikopo midogo. Ikaonekana kwamba washiriki wa majaribio walikuwa wakiitumia huduma kwa mambo mengine, hasa kutumiana fedha. Huduma ilipozinduliwa mwezi Machi 2007, ilijengwa juu ya wito mmoja mwepesi: kutuma pesa nyumbani. Mwaka 2008 ilianzishwa Tanzania na Vodacom.

Tutazame jina. Herufi M yatokana na neno la Kiingereza lihusulo simu za mkononi, na pesa ni neno ambalo kila msemaji wa Kiswahili analielewa. Hakuna aliyehitaji kufafanuliwa huduma hii inahusu nini. Jina lilifanya nusu ya kazi ya istilahi.

Nusu nyingine ilikuwa katika kioo cha simu, na hapa ugumu wa kazi ya mtafsiri huonekana. Mtumiaji wa Tanzania anapobonyeza *150*00# hupokea orodha fupi ya vitendo. Ujumbe wa aina hii hauwezi kubeba zaidi ya herufi 182, nafasi zikihesabiwa. Katika uwanja huo mwembamba mtafsiri hana mahali pa kufafanua. Kila kitenzi hujitegemea.

Chukua kitenzi toa. Katika orodha, "toa pesa" ni kuchukua fedha taslimu kwa wakala. Lakini katika usemi wa kila siku, mtu anayetoa pesa ni yule anayempa mwenziwe, au anayetoa sadaka. Mtumiaji mgeni aweza kuelewa kinyume. Mazoea yameondoa utata huo kwa watu wengi, lakini mazoea hupatikana kwa kujaribu, na majaribio ya fedha huweza kumgharimu mtu. "Toa pesa kwa wakala" ni maneno mawili zaidi, nayo yanamaliza mashaka.

Vivyo hivyo kuhusu hakikisha na thibitisha. Kuhakikisha ni kuchunguza mpaka uwe na yakini. Kuthibitisha ni kutamka kwamba jambo ni kweli au limekubaliwa. Hapo awali, mtumaji nchini Kenya aliliona jina la mpokeaji baada ya fedha kuondoka. Baadaye Safaricom iliongeza hatua ya kumwonyesha jina kabla fedha hazijaenda, na kumpa muda mfupi wa kusitisha. Hatua hiyo ikaitwa Hakikisha. Jina hili limechaguliwa vema, kwa kuwa linamwambia mtumiaji la kufanya: asome kwanza. Lingalikuwa thibitisha, huenda angebonyeza bila kusoma. Hapa usanifu na lugha vilikuwa kitu kimoja.

Usawa wa maneno nao ni ulinzi. Matapeli huiga ujumbe wa huduma hizi ili kumfanya mtu aamini kwamba amepokea fedha. Mtu aliyezoea kuona neno lile lile, mahali pale pale, kila muamala unapokamilika, ana nafasi ya kushtuka anapoona sura ngeni. Kampuni inayoandika leo salio, kesho baki na keshokutwa balansi inamnyima mteja wake kinga hiyo, na inaibomoa chapa yake kwa mkono wake.

Jina huvutia, istilahi hueleza

Sasa tufike kwenye jambo linalotushughulisha zaidi. Kampuni za simu zimechota sana katika hazina ya Kiswahili zinapotaja huduma za mikopo. Kenya kuna Okoa Jahazi, ambayo ni mkopo wa muda wa maongezi. M-Shwari, iliyoanza mwaka 2012, ambayo ni akiba na mikopo. Na Fuliza, iliyoanza mwaka 2019, ambayo humwezesha mtu kukamilisha malipo ijapokuwa salio lake halitoshi. Tanzania kuna Nipige Tafu na Songesha.

Kama kazi ya lugha, majina haya yanastahili sifa. Jahazi linalookolewa, bahari iliyo shwari, rafiki anayepiga tafu: yote ni picha zilizotoka katika maisha ya wasemaji, wala hayakutafsiriwa kutoka lugha nyingine. Lakini tuyapange mstari mmoja tuone yanafanana kwa nini. Kila jina lasema nafuu. Hakuna linalosema deni. Fuliza ni kuendelea bila kukoma. Mtu anayefuliza anahisi kwamba anaendeleza malipo yake, ilhali kwa kweli anakopa, na mkopo huo una ada.

Hatusemi kwamba waliochagua majina haya walikusudia kuficha. Kazi ya jina la biashara ni kuvutia, nalo haliwezi kulaumiwa kwa kufanya kazi yake. Hatari huja pale jina linapochukua nafasi ya istilahi. Na hilo hutokea upesi katika Kiswahili: bajaji lilikuwa jina la kampuni ya India kabla halijawa jina la kila gari la magurudumu matatu la abiria. Kwa bajaji hasara ni ndogo, kwani abiria anakiona anachokipanda. Deni halionekani kwa macho. Mwalimu akimfundisha mwanafunzi neno fuliza pasipo neno kukopa, au karani akiliandika katika ripoti bila maelezo, picha ya nafuu itabaki na wajibu wa kulipa utasahaulika.

Mapendekezo

Twawapendekezea watafsiri, walimu na watumishi wa umma mambo yafuatayo:

(a) Chapa itumike kwa maana ya jumla ya matarajio yanayoambatana na bidhaa. Nembo kwa mchoro. Alama ya biashara kwa kilichosajiliwa. Jina la biashara kwa neno lenyewe.

(b) Usanifu wa mwingiliano utumike kwa kazi ya kupanga mazungumzo kati ya mtumiaji na chombo.

(c) Jina la biashara la huduma ya fedha liandikwe kwa herufi kubwa ya mwanzo na lifuatwe na istilahi yake: "mkopo wa Fuliza", "mkopo wa Songesha". Neno moja tu la ziada latosha kumrudishia msomaji ukweli.

(d) Katika kioo cha simu, kitendo kimoja kipewe kitenzi kimoja, nacho kisibadilishwe pasipo sababu.

(e) Mtafsiri aitwe wakati orodha inapopangwa, si baada ya herufi kuhesabiwa na nafasi kwisha.

Shauri la mwisho ndilo gumu kuliko yote, kwa kuwa ofisi nyingi bado humwona mtafsiri kuwa mtu wa kupaka rangi nyumba iliyokwisha jengwa. Tumeona kwamba katika vyombo hivi maneno ni milango. Mlango ukiwekwa mahali pasipostahili, atakayeumia ni yule mzee aliyesimama kibandani mwa wakala, simu mkononi, akisoma neno moja na kuamua kama abonyeze au asibonyeze.