Mutoto Anajengwa Namna Gani Ndani ya Tumbo: Miezi Mitatu ya Kwanza



Mara nyingi siku ya konsultasio tunasikia mama mwenye mimba changa anasema: «Bado haijakuwa mutoto. Ni damu tu. Nitakuja kupimwa wakati tumbo itaonekana.» Kwa hiyo wengi wanafika ku hospitali mwezi wa tano ao wa sita. Wengine wanangoja kwa sababu ya haya, wengine wanaogopa macho ya majirani. Tunaelewa.

Lakini katika karatasi hii tunataka kuwaonyesha neno moja: wakati tumbo inaanza kuonekana, mwili wa mutoto umekwisha kujengwa. Kichwa, moyo, mugongo, mikono na miguu, vyote viko pa mafasi yao. Kazi inayobaki ni kukomaa na kukua. Mama mwenye kungoja mwezi wa sita anakuta nyumba imekwisha kusimama.

TUNAHESABU NAMNA GANI?

Wauguzi wanahesabu mimba toka siku ya kwanza ya damu ya mwezi ya mwisho. Mimba nzima ni majuma 40. Lakini mbegu ya baba na yai ya mama zinakutana karibu majuma 2 nyuma ya siku ile. Basi, siku unapoona damu imekosa kufika, sisi tunaandika ku kadi juma la 4, lakini mutoto mwenyewe iko na majuma 2 tu. Hapa chini tutahesabu kama ku kadi.

JUMA LA 2 MPAKA LA 4: MWANZO

Yai ya mama na mbegu ya baba zinakutana ndani ya mrija mudogo unaokwenda ku kizazi. Zinakuwa kitu kimoja, kidogo kupita chembe ya chumvi. Siku ile ile imekwisha kuamuliwa kama ni muvulana ao musichana, na ni mbegu ya baba ndiyo inaamua. Kwa hiyo mama asitukanwe sababu anazaa wasichana tu.

Kitu kile kinajigawanya: 1 inakuwa 2, 2 zinakuwa 4, 4 zinakuwa 8. Kinatembea pole pole, na karibu juma moja nyuma yake kinafika ndani ya kizazi na kujishikiza. Hapo kondo ya nyuma inaanza kuota, kama muti unavyotia mizizi. Kwa njia ya kondo mutoto atapata chakula na hewa toka damu ya mama. Damu ya mama na damu ya mutoto hazichanganyiki. Lakini pombe na dawa nyingi zinapita.

JUMA LA 5 NA LA 6: MUGONGO, BONGO NA MOYO

Sasa mutoto iko kama jani ndogo. Pembe mbili za jani zinainuka, zinakunjwa, zinakutana katikati, kama mutu anakunja mukeka. Mrija huo ndio utakuwa bongo kwa upande wa kichwa, na uti wa mugongo kwa upande wa chini. Unapashwa kufungika mbele ya juma la 6 kwisha. Maana yake, majuma 2 tu nyuma ya kukosa damu! Wamama wengi hata hawajajua kama wako na mimba.

Mrija ukikosa kufungika upande wa chini, mutoto anazaliwa na mugongo wazi, na mara nyingi miguu yake haina nguvu. Ukikosa kufungika upande wa kichwa, mutoto hawezi kuishi.

Wamama waliozaa mutoto wa namna hii wanaumia mara mbili. Wanamulilia mutoto, kisha wanasikia majirani wanasema kwamba mama alilaaniwa ao alivunja mwiko. Hapana. Mama ule hana kosa. Lakini tunajua leo kwamba vitamini moja, jina lake asidi foliki, inasaidia sana mrija ule kufungika vizuri. Mama mwenye alizaa mutoto kama ule aje kutuona MBELE ya kushika mimba ingine, kusudi munganga amupatie asidi foliki yenye nguvu zaidi. Akingoja mpaka tumbo ionekane, atakuwa amechelewa kwa kazi hiyo.

Katika juma la 6 moyo pia unaanza kupiga. Urefu wa mutoto wakati huo haupiti punje ya muchele.

JUMA LA 7 NA LA 8: MIKONO, MIGUU NA USO

Pembeni ya mwili vinatoka vichipukizi vinne: mikono kwanza, kisha miguu. Mwanzoni viko kama kafi ndogo za mutumbwi, bila vidole. Macho na masikio yanaanza. Uso unatoka pande mbili na kuungana katikati. Kama mudomo wa juu haukuungana, mutoto anazaliwa na mudomo uliopasuka, wanaouita mudomo wa sungura. Haitoki kwa sababu mama aliangalia sungura, wala kwa sababu alishika kisu. Mara nyingi hatujui sababu. Mutoto ule asifichwe: munganga anaweza kumupasua na kumushona. Mwisho wa juma la 8 mutoto iko na urefu wa sentimetre 1 na nusu, kama punje ya maharagi.

JUMA LA 9 MPAKA LA 12: VIDOLE, MAINI, MAFIGO

Vidole vinaachana. Mutoto anaanza kujitikisa, lakini iko mudogo sana, mama hawezi kusikia. Utamusikia mwezi wa nne ao wa tano. Maini yanatengeneza damu. Sehemu ya juu ya kinywa inafungika. Mafigo yanaanza kufanya mikojo. Juma la 10 iko na sentimetre 3. Juma la 12 iko na sentimetre 5 ao 6 toka kichwa mpaka matako, na uzito wake ni karibu gramu 14. Mudogo vile, lakini ni mutoto mwenye uso, vidole na moyo unaopiga.

KWA NINI TUNAOGOPA DAWA ZA SOKO?

Kati ya 1957 na 1961, katika Ujerumani na inchi zingine, wamama wenye mimba walimeza dawa ya usingizi na ya kichefuchefu, jina lake talidomidi. Watu waliisifu kwamba haina hatari. Lakini watoto maelfu walizaliwa na mikono mifupi sana, wengine bila mikono. Walipochunguza waliona kwamba ubaya ulitokea kama mama aliimeza katika majuma yale mikono na miguu inajengwa. Hata vidonge kidogo vilitosha.

Kwa hiyo, mama, ukikosa damu ya mwezi, usinunue vidonge ku soko na usinywe dawa ya mizizi yenye hujui. Kama unaumwa, mwambie muuguzi kwanza: «Labda niko na mimba.» Sema vile vile mbele ya kupigwa radio. Lakini kama unameza dawa ya kila siku, kama ya SIDA ao ya kifafa, usiiache mwenyewe. Kuacha kunaweza kuleta hatari kubwa. Kuja mbio, munganga ataangalia kama inafaa ao kama anapashwa kubadilisha.

MAMA AFANYE NINI?

1. Kuja mapema. Tangu 2016 Shirika la Afya la Ulimwengu (OMS) linashauri mama aonekane mara 8 wakati wa mimba, na mara ya kwanza mbele ya juma la 12 kwisha. Tutapima damu yako: kama inapunguka, kama kuna kaswende ao virusi vya SIDA. Vyote viwili viko na dawa zinazokinga mutoto, zikianzishwa mapema.

2. Kumeza kila siku kidonge cha kuongeza damu, chenye feri na asidi foliki. Kikikuletea kichefuchefu, umeze magaribi nyuma ya chakula. Choo ikiwa nyeusi, usiogope.

3. Kula maharagi, lengalenga, sombe, karanga, mayai, sambaza ao ndagala, machungwa na papai. Bugari peke yake inajaza tumbo, haijengi mutoto. Ukitapika asubui, kula kidogo kidogo, mara nyingi.

4. Kutumia chumvi yenye iode. Bongo ya mutoto inaihitaji. Miaka ya 1960, kule Idjwi ndani ya Ziwa Kivu, wanganga waliona watu wengi sana wenye uvimbe wa shingo kwa kukosa iode, na watoto wengine walikomaa na akili na mwili dhaifu.

5. Kuacha pombe yote: kasiksi, lutuku na bia. Kuacha tumbaku.

6. Kulala kila usiku ndani ya mustikeri yenye dawa. Ukiwa na homa, kuja siku ile ile. Vidonge vya kukinga malaria tutaanza kukupatia mwezi wa nne, usijipatie mwenyewe mbele.

KUJA MBIO, USINGOJE SIKU YA KONSULTASIO, kama:
– damu inatoka;
– tumbo inauma sana upande moja, ao unazimia: labda mimba iko inje ya kizazi, na hiyo inaweza kuua;
– unatapika kila kitu, hata maji;
– uko na homa kali.

NENO KWA WABABA

Baba, mke wako akikuambia kwamba amekosa damu, usimwambie angoje. Mupe njia ya kuja. Mupunguzie kubeba mizigo mizito. Mayai ikiwa moja tu ndani ya nyumba, iwe yake.

Mama, soma karatasi hii pamoja na dada yako, shemeji yako na bibi arusi wa jirani. Mwenye hajui kusoma, musomee. Labda yeye iko katika juma la 5 leo, na bado hajajua.